Je, wajua kwa nini watu sita wanaweza kununua hoteli ya zamani na udongo wake usiwe wao?

Hapa Lubumbashi ukitoka ku gare ukaingia kati ya muji, utapita karibu na majengo ya zamani yenye veranda ndefu, mulango umefungwa na munyororo, majani inaota juu ya paa, na kila mutu anauliza swali moja tu: nyumba nzuri hivi, kati ya muji, inalala bure juu ya nini? Na mimi nilikuwa naulizaka vile, mpaka tulikaa watu sita wa likelemba moja (kikundi cha kuchangia pesa na kupeana kwa zamu), mama mwenye anauza vitenge, mwalimu, ndugu wawili wa transporti, fundi wa umeme na mimi, tukaanza kufwatilia hoteli moja ya kizamani ya vyumba 22 yenye inauzishwa. Miezi minne sasa tuko ndani ya hiyo mambo, na njo nimejua kitu chenye wengi hawajui: ku Kongo unaweza kununua kuta, ngazi, paa, mpaka mabafu, lakini udongo wa chini haununuliwi.

Iko hivi. Tarehe 7/6/1966 ilitoka sheria yenye watu wanaita Bakajika, jina la mbunge mwenye aliileta, halafu sheria ya ardhi ya 20/7/1973 ikafunga kabisa: udongo wote ni wa serikali, hauuzwi, na ata ukikaa juu yake miaka mia hauwi wako. Wewe unapewa haki ya kuutumia, inaitwa konsesio. Kuko ya milele, na hiyo ni ya mutu, mutu wa nyama na damu, tena Mukongomani. Kampuni haiwezi kuipata, ata kama wenye kampuni wote wamezaliwa hapa Lubumbashi, ku mitaa ya Katuba na Kamalondo. Kampuni inapewa konsesio ya miaka, na kwa jengo sawa hoteli mwisho ni miaka 25, ikiisha unaomba tena.

Hapo njo kichwa kilituuma. Tukiandika majina yetu sita, tunapata ya milele, lakini siku mumoja akifa (Mungu atulinde) warithi wake wanaingia ndani ya nyumba yenyewe, na mumoja wao akitaka kifungu chake, mambo inaenda ku tribinali na hoteli inaweza kuuzishwa ili pesa igawanywe. Tukifanya kampuni, nyumba inakuwa ya kampuni, warithi wanapata hisa tu, hakuna mwenye atakuja kufunga chumba namba 7 aseme ni cha baba yake, ila tunahesabu miaka. Mama wa vitenge alisema maneno yenye ilimaliza mjadala: «Mimi naogopa ugomvi wa familia kupita miaka 25.» Tulichagua kampuni, na mimi naona alisema kweli, juu nimeona nyumba nyingi mu huu muji zimekufa kwa ugomvi, si kwa mvua.

Sasa ile swali ya nyumba kulala bure. Sababu kubwa iko ndani ya kitabu ku buro ya vyeti vya ardhi. Tarehe 30/11/1973 Mobutu alitangaza zairianizasio, biashara na mashamba na mali zingine za wageni zikapewa Wazairwa (njo Wakongomani, wakati ule inchi iliitwa Zaire), na 1976 serikali ikageuza, wageni wengine wakaitwa warudie mali yao. Wengine walirudi, wengine hapana, wengine waliuzishia mutu kwa barua ya mukono tu. Kwa hiyo jengo moja linaweza kuwa na mutu mwenye anashika funguo, mutu mwenye anakula pesa ya kupangisha, na jina la tatu kabisa mu kitabu. Na sheria inatambua ile ya kitabu: bila sertifika (cheti cha ile buro) yenye jina lako nyumba si yako, na sertifika ikipitisha miaka miwili inakuwa ngumu sana kuivunja, mwenye alizulumiwa anabakia kudai malipo tu. Njo maana unaanzia ku buro mbele ya kuleta fundi wa rangi. Banki nayo vilevile, bila sertifika haiwezi kushika nyumba kama rehani.

Watu wanatuuliza: kwa nini musibomoe mujenge ya vioo? Siku ya kwanza tulifika pale saa nane mchana, mwezi wa kumi, jua kali, muzee wa zamu akatufungulia. «Ingieni, wanangu, humu hamutatoka jasho.» Na kweli! Niliweka mukono ku ukuta wa korido, ulikuwa baridi sawa mutungi. Ukuta ni tofali mbili za kuchoma zikilala pamoja, plafoni iko juu sana, chini yake kuko matundu yenye hewa ya moto inatokea, na veranda inazuia jua lisiguse ukuta. Lubumbashi iko karibu metre 1.200 juu ya bahari, usiku kunapoa, ukuta munene unatoa joto usiku, na mchana unachelewa kupata moto tena. Kwa muji wenye umeme unakatika kila mara, hiyo ni pesa ya klima (mashini ya kupooza hewa) yenye hautalipa.

Na tofali zenyewe! Huku kwetu watu wanachoma tofali na udongo wa vichuguu, ile milima mikubwa ya muchwa ku pori, juu muchwa anapandisha udongo laini toka chini. Lakini muchwa huyo huyo anakula mbao. Fundi wetu alipanda juu akachoma boriti na kisu, boriti tatu kisu kiliingia sawa mu mukate. Kwa hiyo pesa ya kwanza itaenda ku paa, boriti na manjanja (mabati) mapya, juu mvua ikiingia kila kitu cha chini ni kazi ya bure. Halafu mabomba na nyaya, zote kutoa. Chini tutafungua maduka mane tupangishe, ile pesa njo itengeneze vyumba vya juu, sita sita, hatutangoja 22 ziishe.

Kwa sasa tuko ku kitabu. Jina lenye tulikuta ni la papa mumoja mwenye alishakufa, warithi wako saba. Watano wameshasaini kwa notere. Siku ya ine mama wa vitenge anapanda basi ya Kolwezi kuona wa sita, na wa saba iko Ndola, ng'ambo ya mupaka, tumemupata ku simu na amekubali kuja mwezi huu.