Mpe mtoto debe la mahindi kabla ya kibubu

Wazazi wengi wanaonifuata hapa Dodoma kuuliza habari za watoto na fedha huanzia kwenye kibubu. Wamekinunua, mtoto anatumbukiza mia mbili leo, jero kesho, na mwisho wa mwaka kinapasuliwa, zinapatikana nguo za Krismasi au za Idi. Sina ugomvi na kibubu, maana kinamzoesha mtoto kujizuia, na hilo si jambo dogo. Ila kazi yangu ni kufundisha uwekezaji, na uwekezaji haumo kwenye kibubu. Hela iliyoingia Januari inatoka Desemba ikiwa ileile, na kwa kuwa bei nchini zimekuwa zikipanda kwa asilimia 3 hadi 4 hivi kwa mwaka, inatoka ikinunua vitu pungufu kuliko siku ilipoingia.

Ninachowashauri ni hiki: mtoto akifika miaka minane au tisa, amiliki kitu kinachoweza kuongezeka thamani na ambacho kinaweza pia kushuka. Kisha, kila kitu hicho kinapompa faida, aulizwe swali moja tu: hii faida ameilipa nani, na kwa nini? Mtoto anayeweza kujibu swali hilo ameshaelewa zaidi ya watu wazima wengi ninaokutana nao.

Huku kanda ya kati hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mahindi yapo. Mtoto wa Dodoma anajua kwamba mwezi wa sita na wa saba, wakati wa mavuno, malori yanapishana soko la nafaka la Kibaigwa na bei iko chini. Anajua pia kwamba Januari na Februari, watu wakiwa shambani na maghala yakiwa yameisha, debe lilelile linauzwa ghali. Kinachobaki ni kumpa nafasi ya kuingia kwenye mzunguko huo kwa hela yake mwenyewe.

Hesabu ninayoitumia darasani ni ya ndugu wawili na gunia moja. Tuchukulie debe ni sh. 12,000 wakati wa mavuno. Kaka ana hela za madebe matatu, dada za madebe mawili. Wanashirikiana mfuko mmoja usiopitisha hewa, ule wa kuzuia dumuzi (mdudu anayetoboa mahindi), tuseme sh. 5,000. Jumla wametoa sh. 65,000. Februari debe likifika sh. 18,000, wanauza kwa sh. 90,000 na faida ni sh. 25,000. Hapo ndipo ubishi mtamu unapoanza, kwa sababu dada atataka wagawane nusu kwa nusu na kaka atakataa. Waache wabishane, halafu wapigie hesabu pamoja: sehemu ni tano, kila sehemu imezaa sh. 5,000, kaka anachukua 15,000 na dada 10,000. Mmeshafundisha hisa (sehemu ya umiliki) na gawio (mgao wa faida) bila kutamka hata neno moja la soko la mitaji. Mama akiwa kwenye kikoba, mtoto atagundua mwenyewe kwamba zile hisa ambazo mama ananunua kila wiki hufanya kazi kwa utaratibu huohuo.

Na nani ameilipa faida? Mtu aliyehitaji unga Februari, na amelipa kwa sababu watoto hawa walikubali kukaa bila hela yao miezi saba na kuyalinda mahindi yasiliwe na wadudu.

Sasa, kuna mwaka bei haipandi. Mvua imekuwa nzuri kila mahali, au NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, imetoa nafaka ya akiba sokoni, au mahindi yamekosa njia ya kwenda nje ya nchi. Debe linauzwa sh. 11,000, gunia zima 55,000, na watoto wamepoteza sh. 10,000. Mzazi, nakuomba usifidie. Najua inauma kumwona mtoto akihesabu hela zilizopungua, na ndiyo maana kiasi cha kuanzia kiwe kile ambacho kikipotea hakuna ada wala daftari litakalokosekana. Lakini ukimrudishia ile elfu kumi kimyakimya, umemfundisha kwamba hasara hulipwa na mtu mwingine, na atakuja kuibeba imani hiyo mpaka kwenye mkopo wa benki. Kaa naye mfungue daftari, mwandike kilichotokea na sababu yake.

Nisieleweke vibaya. Simsemei mzazi anayemtuma mtoto stendi na beseni la karanga saa mbili usiku. Hiyo ni ajira, na mahali pa mtoto ni shule na nyumbani. Mtaji wa mtoto utoke kwenye zawadi, hela za sikukuu, au kiasi kidogo ambacho mzazi amekitenga kwa kazi hiyo. Kuosha vyombo na kuchota maji mimi siwalipi watoto. Huo ni wajibu wa nyumba.

Mtoto akishaonja hasara, yuko tayari kwa historia, na tuna historia kubwa hapa jirani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa. Iliingiza matrekta, mashine za kung'oa miti na watu wengi, ikitarajia kuvuna mafuta ya kupikia kwa ajili ya Waingereza waliotoka vitani. Mvua za Kongwa ni chache na hazina uhakika, udongo ulikauka ukawa mgumu kiasi kwamba kung'oa karanga kukawa kazi, na mizizi ya vichaka iliharibu mashine. Mwaka 1951 mradi ukasimamishwa, pauni kama milioni 36 zikiwa zimepotea. Huwauliza watoto: wenye hela hizi wangemuuliza nani kwanza? Jibu huja haraka, kwamba wangewauliza Wagogo waliokuwa wakilima mtama na uwele palepale, mazao yanayovumilia ukame. Kuchunguza kabla ya kuweka fedha ni somo gumu sana kufundisha kwa maneno matupu, ila Kongwa inalifundisha kwa dakika kumi.

Kuanzia miaka kumi na miwili hivi, mpeleke kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Siyo lazima anunue. Soko lile lilianza biashara mwaka 1998, na bei za hisa unaziona kwenye simu. Mwambie achague kampuni ambayo anaiona kwa macho, kama benki iliyo na tawi mjini au kiwanda cha saruji, aandike bei yake kila mwisho wa mwezi. Mimi huwasimulia ya benki ya CRDB. Mwaka 2009 hisa yake iliuzwa kwa umma kwa sh. 150. Miaka kumi baadaye ilikuwa imeshuka chini ya sh. 100, na wengi waliokata tamaa waliuza hapo. Kufikia 2024 ilikuwa imepita sh. 500. Vodacom nayo iliuzwa kwa sh. 850 mwaka 2017, kisha ikakaa miaka chini ya bei hiyo. Mtoto anayaona yote mawili, na anaacha kuamini kwamba kila kinachosubiriwa lazima kipande.

Kwa hela halisi ya mtoto, njia ninayoona nyepesi ni vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, yaani hela za watu wengi zinakusanywa na kuwekezwa kwa pamoja, na kila mtu anamiliki vipande kulingana na alichoweka. UTT AMIS, taasisi ya serikali inayosimamia mifuko ya aina hiyo, ina Mfuko wa Watoto, unaoanzia sh. 10,000, na mzazi ndiye anayefungua kwa jina la mtoto kwa kuwa aliye chini ya miaka 18 hawezi kuingia mkataba mwenyewe. Hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali ikulipe riba, zinaanzia sh. 1,000,000, kwa hiyo hizo tuziache kwa wazazi. Benki kadhaa zina akaunti za watoto, nzuri kwa kutunza, ila ulizia riba kabla hujavutiwa na zawadi ya begi.

Halafu muda. Weka sh. 5,000 kila mwezi tangu mtoto anazaliwa, na tuchukulie (ni mfano tu, hakuna anayeahidi) kwamba zinakua kwa asilimia 10 kwa mwaka. Akifika miaka 18 umeweka sh. 1,080,000, lakini zilizopo ni kama sh. 3,000,000. Ukianza akiwa na miaka minane, umeweka sh. 600,000 na zilizopo ni kama 1,024,000. Wape watoto wa darasa la saba hesabu hii waifanye mwezi kwa mwezi kwa mkono, angalau mwaka mmoja, waone faida ya mwezi uliopita nayo ikianza kuzaa.

Swali la nani analipa faida ndilo kinga pekee ninayoiamini dhidi ya matapeli. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha DECI, mpango wa upatu ambako watu walikuwa wakiambiwa wapande mbegu wavune maradufu. Faida ya mahindi inalipwa na mlaji. Faida ya benki inalipwa na wakopaji. Ya DECI ilikuwa inalipwa na aliyejiunga nyuma yako, na aliyejiunga wa mwisho hakuwa na wa kumlipa. Leo mchezo uleule unakuja kwa ujumbe wa WhatsApp, unaahidi kurudisha hela mara mbili kwa wiki, na watoto wetu wa sekondari ndio wenye simu.

Nimalizie na jambo ambalo wazazi hawapendi nilitaje. Watoto wengi hawaamini uwekezaji kwa sababu hela yao ya kwanza ilichukuliwa nyumbani. Baba aliishiwa vocha, mama alipungukiwa nauli, mahindi ya mtoto yakasagwa Novemba, na hakuna aliyesema neno. Shida zipo, nazijua. Ukilazimika kuchukua, mwombe mtoto, na akikataa uheshimu. Akikubali, andikeni kwenye daftari lake kiasi, tarehe ya kurudisha na nyongeza mtakayokubaliana, hata kama ni sh. 200, kisha umlipe siku hiyohiyo mliyoandika.