Je, Wajua Kwa Nini Filamu ya Mke na Mume wa Televisheni Huzua Ugomvi wa "Nani Aigize"?

Januari 2021 zilitoka habari kwamba Nicole Kidman atakuwa Lucille Ball na Javier Bardem atakuwa Desi Arnaz, mke na mume walioigiza I Love Lucy, kichekesho cha televisheni ya Marekani cha miaka ya 1950, katika filamu ya Aaron Sorkin, Being the Ricardos. Hakuna aliyekuwa ameona hata kipande chake, lakini hukumu ilishapita. Kidman hafanani naye, tena si mchekeshaji. Nafasi ile ni ya Debra Messing, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa amemuigiza Lucy, mhusika wa Lucille katika kichekesho kile, kwenye kipindi chake mwenyewe cha televisheni na watu wakafurahi. Bardem naye akaambiwa yeye ni Mhispania, na Desi alikuwa Mkuba.

Filamu za wafalme na majemadari hutengenezwa miaka nenda miaka rudi, na ni nadra kusikia mtu anagombana kuhusu pua ya Julius Caesar. Kwa nini basi mke na mume wa televisheni ndio wanaowatoa watu roho?

Jawabu linaanzia sebuleni, na sisi Wazanzibari tunalielewa upesi. Televisheni iliingia Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, ya kwanza katika nchi za kusini mwa Sahara, wakati wenzetu wa Bara walisubiri mpaka miaka ya 1990. Aliyekuwa na seti hakukosa wageni jioni: watoto mbele kwenye mkeka, wakubwa nyuma, na wengine wamesimama dirishani. Uso wa sinema ulikuwa unaufuata wewe, unavaa vizuri, unakwenda Majestic pale Vuga, unakata tiketi. Uso wa televisheni unakufuata nyumbani kwako, nawe umeshavua shati na sahani ya chakula iko mbele yako. Ukiuona hivyo wiki baada ya wiki kwa miaka, unauhesabu kuwa ni wa jamaa yako. Atakayekuja kujifanya yeye utamkagua kama anavyokaguliwa mtu aliyekuja kuposa.

Sasa tuwaangalie jamaa wenyewe. Lucille Ball alizaliwa Jamestown, New York, mwaka 1911. Desi Arnaz alizaliwa Santiago de Cuba mwaka 1917. Baba yake alikuwa meya wa mji huo, na mapinduzi ya 1933 yakaifanya familia ikimbilie Miami. Desi akawa mpiga muziki na kiongozi wa bendi. Walioana Novemba 1940. Miaka ya mwanzo walionana kwa shida, yeye yuko safarini na bendi, mkewe yuko Hollywood. Kampuni ya televisheni ya CBS ilipomtaka Lucille afanye kichekesho cha televisheni, alishikilia kwamba mume wa kwenye kipindi awe mumewe wa ndoa. CBS walisita. Waliogopa watazamaji hawatamkubali mwanamke wa Kimarekani mwenye mume Mkuba anayezungumza Kiingereza kwa lafudhi ya kwao. Mwaka 1950 wawili hao wakazunguka majukwaani na mchezo wao, watu wakacheka, na wakubwa wa CBS wakalegea.

I Love Lucy ilianza Oktoba 15, 1951, ikaendelea mpaka Mei 1957. Ilipigwa kwa kamera tatu za filamu mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini, utaratibu ambao vichekesho vya televisheni viliufuata kwa miaka mingi baadaye. Lucille alipopata mimba, mimba ikaingizwa kwenye hadithi, na CBS wakakataza neno lenyewe lisitamkwe hewani. Usiku wa Januari 19, 1953 mtoto wa kwenye kipindi alizaliwa; siku hiyohiyo Lucille alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji uliopangwa. Kipindi kile kilitazamwa na watu wanaokadiriwa kuwa milioni 44. Baada ya hapo, nani angeweza kuwaambia Wamarekani kwamba Lucy na Ricky Ricardo, mke na mume wa kwenye kipindi, si watu wao?

Na hapa ndipo penye fundo la ugomvi wote. Watu wale walikuwa wanne. Kuna Lucille na Desi, mke na mume wenye kampuni, mikataba, ugomvi wa chumbani na magazeti mlangoni. Kuna Lucy na Ricky, mke na mume wa hadithi, ambao kila ugomvi wao uliisha ndani ya nusu saa. Watazamaji waliwajua hawa wa pili. Filamu ya Sorkin inawahusu wale wa kwanza.

Tofauti yao si ndogo. Lucy analia kwa sauti nyembamba, anakodoa macho, anaharibu kila anachokishika. Lucille alikuwa na sauti nzito, nzito zaidi kwa sigara, na kazini hakuwa mtu wa mzaha: aliupima mzaha kama fundi anavyopima mbao. Hata nywele nyekundu ambazo watu walizidai kwa Kidman zilikuwa za kutiwa rangi, na kipindi chenyewe kilirushwa kwa nyeusi na nyeupe. Anayesema "Kidman hafanani na Lucy" anasema kweli, ila anamtafuta mtu ambaye katika filamu ile anatokea dakika chache tu, pale panapoigizwa vipande vya kipindi, kama kile cha kukanyaga zabibu kwenye pipa.

Lucie Arnaz, binti wa Lucille na Desi na mmoja wa watayarishaji wa filamu, alijitokeza kwa video mwezi huohuo kuwaeleza watu jambo hilihili, kwamba hakuna anayekirudia kipindi. Hii ni hadithi ya wazazi wake. Mtoto wa marehemu akishasema hivyo, mimi naona nusu ya kesi imekwisha.

Nusu iliyobaki ni ya Bardem, na hiyo naiona nzito zaidi. Sura hurekebishika. Siku hizi kuna bandia za kila namna za kubandika usoni, kuna wigi, kuna taa. Asili ya mtu haibandikwi. Tena kwa Desi ugeni wake ndio hadithi yenyewe: ndio uliowatia hofu CBS, ndio uliochekesha, na ndio aliougeuza kuwa biashara. Bardem ni mzaliwa wa visiwa vya Canary, mwigizaji mkubwa kabisa, lakini Mkuba akimsikiliza ana haki ya kutega sikio. Sisi tungefanya nini? Chukua hadithi ya mke na mume wa Wete, kisha wape waigizaji wa Dar es Salaam waliofundishwa Kipemba kwa wiki mbili. Mtu wa Micheweni hatasubiri sentensi ya tatu. Na si Pemba tu. Jaribu kujifanya Mmakunduchi mbele ya Wamakunduchi uone. Visiwani tunasamehe sura haraka sana, lakini lafudhi hatusamehi.

Ushahidi ninao. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa hapa Unguja Septemba 5, 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi, na familia yake ikaondoka mwaka 1964. Ilipotoka filamu ya maisha yake, Bohemian Rhapsody, mwaka 2018, nafasi yake ilichukuliwa na Rami Malek, Mmarekani ambaye wazazi wake ni Wamisri. Kabla yake alikuwa ametajwa Sacha Baron Cohen, na wengi waliapa kwamba huyo ndiye aliyefanana. Kwenye baraza za Mji Mkongwe mabishano yalikuwa ya namna hiyohiyo: macho makubwa mno, mwili mdogo mno. Malek akatengenezewa meno ya bandia, maana Freddie alikuwa na meno manne ya ziada mdomoni. Akawa na mwalimu wa miondoko wa kumfundisha jinsi Freddie alivyosimama, alivyoshika kipaza sauti na alivyogeuza shingo. Sauti ya kuimba ilichanganywa, sehemu kubwa ni ya Freddie mwenyewe na ya mwimbaji Marc Martel. Februari 2019 Malek akachukua Oscar. Watu waliomkataa kwa picha walimkubali kwa mwendo, na masikio yao yalitulia kwa sababu sauti waliyoijua ilikuwepo.

Kwa mke na mume kazi huwa ngumu zaidi, kwa sababu huchagui mtu mmoja mmoja. Ni kama mbao mbili za ubavuni mwa ngalawa: ukirefusha moja lazima uiangalie na ya pili, la sivyo chombo kinalala. Lucille alimzidi Desi karibu miaka sita, jambo lililowasumbua wenyewe. Mwaka 1952 mke alikuwa na 41, mume 35. Kidman alipoigiza alikuwa na 53, Bardem 52. Kwa umri wa mmoja mmoja wamepitiliza mbali, ila wanalingana wao kwa wao, na Sorkin alihitaji watu wawili ambao hakuna atakayemmeza mwenzake wakigombana. Angeweka mmoja mashuhuri na mmoja mchanga, ndoa ingeonekana ya bosi na karani.

Fedha nayo ina sauti, hilo tusilifiche. Filamu ya watu wazima wanaozungumza vyumbani, haina risasi wala magari ya kuruka, haipati mtaji mkubwa bila jina linalojulikana duniani. Cate Blanchett ndiye aliyetajwa kwanza kwa nafasi ya Lucille, akajitoa. Ukiangalia majina hayo mawili, Blanchett kisha Kidman, unaona kwamba watayarishaji hawakuwa wanatafuta mtu wa kufanana. Walikuwa wanatafuta uzito. Messing alitafutwa na mashabiki, na mashabiki walikuwa wanamtafutia kazi ya Lucy, ambayo haikuwa imetangazwa.

Filamu ilitoka Desemba 2021. Hadithi imebanwa katika wiki moja ya kazi, ingawa mambo yenyewe yalitokea miaka tofauti: mimba 1952, tuhuma za ukomunisti 1953 kwa sababu Lucille aliwahi kujiandikisha mwaka 1936 kuwa mpiga kura wa chama cha Kikomunisti ili kumridhisha babu yake, na habari za gazetini za Desi kutembea nje ya ndoa 1955. Kidman alipata tuzo ya Golden Globe, na yeye, Bardem na J.K. Simmons, aliyemuigiza William Frawley, wakateuliwa kuwania Oscar za 2022. Bado wapo walioitazama mpaka mwisho wakasema hapana, na sibishani nao wakisema Bardem. Kwa Kidman nabishana, na kipande changu cha kubishania ni kimoja.

Usiku wa manane, Lucille anawaamsha waigizaji wenzake wawili wa I Love Lucy, William Frawley na Vivian Vance, waje studio kurudia tukio la kukaa mezani kula. Mzaha ni mdogo, wa sekunde chache: nani akae wapi, kiti kisogezwe lini, mkono wa nani upite mbele ya nani. Wenzake wana usingizi na hasira. Yeye anapanga, anavunja, anapanga tena, na wakati huo ndoa yake inaporomoka na anajua. Kidman hachekeshi hata kidogo pale. Anahesabu. Ukimtafuta Lucy humwoni, na watazamaji milioni 44 hawakumwona pia mwanamke yule, kwa sababu kamera zilikuwa hazijawashwa.