Kuchemsha hakuondoi kila sumu

Mchuzi wa kambini ukikosa ladha, hakosi mtu wa kusema: chuma majani yanayonukia, tia sufuriani, moto utaua sumu kama ipo. Si kweli. Moto huua vijidudu. Sumu ya mmea ni kemikali, na nyingi hustahimili maji yanayochemka. Oleanda, kwa mfano, kichaka cha maua ya bustanini, huvuruga mapigo ya moyo hata majani yake yakichemshwa au kukaushwa. Hemloki, mmea ambao sumu yake ilimuua Sokrates, mwanafalsafa wa Ugiriki, mwaka 399 kabla ya Kristo, ina majani yanayofanana mno na ya karoti. Kwa hiyo chuma tu mmea unaoujua kwa jina, shina hadi ua.

Na hoja ya "mbona sungura anakula"? Baadhi ya sungura wana kimeng'enya kinachovunja atropini, sumu ya mmea wa beladona. Wewe huna.

Tena, mara nyingi mchuzi wenyewe haulilii majani (hili husahaulika). Unalilia chumvi, tone la ndimu, au kitunguu kilichokaangwa vizuri. Mchuzi ukiungua, hamishia ule wa juu kwenye sufuria nyingine bila kukwangua chini.