Laki moja inayoingia elfu themanini

Wiki iliyopita alikuja ofisini dada mmoja anayeuza kwenye duka la vitenge Kariakoo. Kila simu yake ilipoita alishtuka. Alikuwa amekopa laki moja kwenye programu ya simu ili mtoto arudi shule, akitegemea kulipa mshahara ukiingia. Nimekuwa afisa mikopo kwa miaka mingi, sasa nawashauri wanachama wa SACCOS, na swali langu la kwanza huwa lilelile: mkononi iliingia shilingi ngapi?

Iliingia 80,000. Elfu ishirini ilikatwa palepale, ikaitwa ada ya huduma. Baada ya siku saba alitakiwa kurejesha 110,000. Akilini mwake riba ilikuwa elfu kumi tu, haitishi. Lakini hela aliyoitumia ni 80,000, na juu yake anadaiwa 30,000. Hiyo ni asilimia 37.5 kwa wiki moja! Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni zinazokopesha bila kupokea amana. Kwa laki moja, hiyo ni 3,500 kwa mwezi mzima.

Siku ya saba ikafika, mshahara bado. Akafungua programu ya pili ili alipe ya kwanza. Nayo inakata vilevile, kwa hiyo ili apate 110,000 mkononi ilibidi akope 137,500. Ukiendelea hivyo, programu hadi programu, mwisho wa wiki ya nne deni linakaribia 286,000, na tangu mwanzo alichokula ni zile 80,000 tu. Mshahara wake haufiki hapo. Nilimwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi, akaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, mimi nilidhani sijui kubana matumizi." Wengi wanaokuja kwangu wanajilaumu hivyo hivyo, kumbe kilichowamaliza ni makato ya mwanzo na muda mfupi wa marejesho.

Halafu kuna dhamana. Hakuweka kiwanja wala friji. Alipobonyeza "kubali", aliiruhusu programu isome namba zote zilizomo kwenye simu yake. Alipochelewa siku mbili, bosi wake, mchungaji wake na mama mkwe wake wakatumiwa ujumbe kwamba yeye ni tapeli. Hili linaniuma kuliko riba. Kausha damu wa mtaani, yaani mkopeshaji wa riba kali, huja kubeba sofa na televisheni, na sofa hununuliwa tena. Mama mkwe akishasoma ule ujumbe, utamfanya asahau vipi?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo halali zilizokusanyiwa, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla hujabonyeza chochote, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Na kwa watumishi: kadi ya benki na namba ya siri haviachwi kwa mkopeshaji kama dhamana, hata kama ni jirani yako.

Kama umeshaingia, acha leo kukopa huku ulipe kule. Chukua daftari, andika kila deni: kilichoingia mkononi, ulicholipa, kilichobaki. Mpigie mkopeshaji kabla siku haijafika, omba kulipa kidogo kidogo, na makubaliano yawe kwa maandishi. Mwambie mtu mmoja nyumbani kabla hajaambiwa na wengine. Yule dada, ingawa ujumbe ulishamtangulia, alianza na mama mkwe, na ndiye aliyemwombea mkopo kwenye kikoba chao cha Buguruni.

Ukija kuniona, usifute ujumbe wa vitisho hata mmoja. Njoo nao wote, pamoja na ule wa siku fedha ilipoingia, kwa sababu huo ndio unaoonyesha 80,000.