"Improve" haina "prove" ndani yake

Kuna maelezo yanayosambazwa sana na walimu wa motisha: eti kitenzi cha Kiingereza improve ni im- kujumlisha prove, kwa hiyo kujiboresha ni kujithibitisha. Yanapendeza masikioni, ila si kweli.

Maana ya leo haina ubishi: kuboresha, au kuwa bora zaidi. Mgonjwa akipata nafuu, matokeo ya mtihani yakipanda, huduma zikirekebishwa, improve inatosha. Hapo hakuna tatizo.

Tatizo ni asili. Neno hili lililetwa na Kifaransa kilichotumika Uingereza baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi hiyo mwaka 1066. Umbo lake lilikuwa emprouwer, na ndani yake mna prou, yaani faida. Kwa hiyo ni kukitia kitu faida, kukifanya kilipe. Prou yenyewe inarudi kwenye Kilatini cha zama za mwisho, prode, kutoka jamii ya prodesse, kufaa. Prove imetoka kwingine kabisa: probare, kujaribu na kuthibitisha. Hiyo v tunayoiona kwenye improve ilipenya baadaye, kwa kuwa waandishi walishazoea prove na approve, wakalivuta neno geni lifanane nayo. Walimu wa motisha basi wana watangulizi wa karne nyingi.

Na kitu kilichotiwa faida, kwa sehemu kubwa ya historia ya neno hili, kilikuwa ardhi. Huko Uingereza, Sheria ya Merton ya mwaka 1235 ilimruhusu bwana wa eneo kuzungushia ua sehemu ya malisho ya pamoja, mradi awaachie wapangaji wake huru malisho ya kutosha. Wanasheria walikiita kitendo hicho approve, lakini si ile approve ya kuidhinisha. Ni nyingine, yenye prou ileile. Mtu wa namna hiyo hakulazimika kuifanya ardhi iwe nzuri zaidi. Aliitoa kwenye matumizi ya wengi akaanza kuvuna kodi. Aliyekuwa akilisha ng'ombe wake pale hakuona chochote kilichoboreka. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, kwenye hoja yake ya mali iliyochapishwa mwaka 1689, anakiweka kitenzi hiki kati ya kulima, kupanda na kutunza: eneo ambalo mtu analifanyia hayo na kuweza kutumia mazao yake ndilo mali yake. Msomaji akiweka "kuboresha" hapo, nusu ya hoja inapotea.

Maana ya kuboresha ilikomaa katika karne ya 17, na maana zote mbili, mpya na ya zamani, zinaonekana kwenye jalada moja. Walter Blith alitoa kitabu cha kilimo mwaka 1649, The English Improver, kuhusu kumwagilia, kukausha mabwawa, kuzungushia mashamba ua, kurutubisha udongo na kupanda miti. Mwaka 1652 alikitoa upya kwa jina The English Improver Improved. Improver ni mtu anayeifanya ardhi ilipe. Improved ni kitabu kilichofanywa kuwa bora.

Ajabu ni kwamba imewahi kuwepo improve yenye prove ndani yake kweli. Ilitokana na improbare, im- ikiwa ya kukanusha, na maana yake ilikuwa kukataa au kukemea. William Tyndale, mtafsiri wa Biblia kwa Kiingereza, aliitumia katika Agano Jipya lake la mwaka 1526, kwenye 2 Timotheo 4:2, pale ambapo Biblia yetu inasema "karipia, kemea, na kuonya". Neno lake la kwanza katika hayo matatu ni improve. Tafsiri ya King James ya mwaka 1611 ilishalibadilisha kuwa reprove. Anayesoma Tyndale akidhani Timotheo anaagizwa kuwaboresha waumini amekosea njia, ingawa nia yake ni njema.

Maana ya zamani, ile ya kuifanya ardhi ilipe, haijafa, na nchini Tanzania imo sheriani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika Kiingereza chake, inazungumzia unexhausted improvement: kitu au sifa iliyoshikamana na ardhi kwa kudumu, iliyotokana moja kwa moja na mtaji au nguvu za mkaaji au mtu aliyemfanyia kazi, na inayoongeza uwezo wa ardhi kuzalisha, matumizi yake au uendelevu wa mazingira yake. Miti imo, na mazao yaliyosimama shambani yamo. Kisima kilichochimbwa kimo. Tangi la plastiki lililowekwa tu juu ya matofali halijashikamana na ardhi.

Maofisa ardhi na wathamini huyaita haya maendelezo, na wako sahihi. Fomu ikiandikwa "maboresho", mwenye shamba ataorodhesha bati jipya na rangi ya ukuta, kisha aiache mikorosho aliyoipanda mwenyewe, kwa sababu kwake kupanda si kuboresha. Wakati wa kukadiria fidia, mikorosho hiyo inahesabiwa. Kwa hiyo katika mkataba wa pango, hati au fomu ya uthamini, andika maendelezo. Maboresho yanatosha kwenye ripoti ya shule.