Leseni ya Leo Haifuti ya Jana

Nimeulizwa tena, safari hii na mhandisi ambaye sikumtarajia, iwapo waliokuwa wakitumia Redis, programu ya kuhifadhi data, wamekuwa wavunja sheria tangu mradi huo ulipoiacha leseni ya BSD, iliyoruhusu karibu kila matumizi, mnamo Machi 2024. Hawajawa. Leseni huambatana na toleo lililotolewa, wala si na jina la programu. Ndiyo maana toleo la 7.2.4 lilibaki chini ya BSD na likawa msingi wa Valkey, mradi uliochipuka kutoka Redis, bila yeyote kuombwa ruhusa.

Anayefungua faili la leseni lililopo leo na kudhani amesoma historia ya mradi amesoma ukurasa wa mwisho tu. Historia imo katika kumbukumbu za Git, mfumo unaohifadhi kila badiliko la msimbo, na katika vichwa vya mafaili, ambavyo mara nyingi hupingana na faili hilo kuu.

Linaloniudhi zaidi ni mtu kuandika “leseni: GPL” kisha akanyamaza. GPL, leseni inayomtaka anayesambaza programu aliyoibadilisha aitoe kwa masharti yaleyale, ina matoleo kadhaa: ni GPL ipi? Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ilianza mwaka 1991 kwa leseni ya muasisi wake Linus Torvalds mwenyewe iliyokataza kutoza fedha kwa usambazaji, ikahamia GPL mwaka 1992, wachangiaji wakiwa bado wachache. Toleo la 3 la GPL lilipotoka mwaka 2007, kerneli ilibaki kwenye toleo la 2. Torvalds hakuyapenda baadhi ya masharti mapya, lakini hata angeyapenda, kerneli kwa ujumla wake haikuwa na maneno “au toleo lolote la baadaye”, na hakimiliki yake ilikuwa imetawanyika kwa maelfu ya watu. Maneno hayo machache ndiyo huamua iwapo mradi unaweza kuhamia toleo jipya la GPL bila kubisha hodi kwa kila mchangiaji. Kuhamia leseni nyingine ni kubisha hodi tu, kama walivyolazimika kufanya watu wa VLC, programu ya kuchezea video, walipoihamisha libVLC, maktaba yake ya msimbo, kutoka GPL kwenda LGPL, ndugu yake yenye masharti mepesi.

Kuna mahali ambapo mimi mwenyewe husitasita. Je, kiraka (badiliko dogo la msimbo) cha mistari mitatu kina hakimiliki? Wanasheria hawajibu kwa sauti moja. Na ingawa leseni ya Apache 2.0 ya mwaka 2004 inatamka wazi kwamba ruhusa zake za hakimiliki haziwezi kubatilishwa, leseni ya MIT haisemi lolote kuhusu hilo, hivyo tunategemea hoja za kisheria zilizo nje ya maandishi yake. Nazikubali hoja hizo, ila siwezi kumwonyesha mteja mstari wenyewe. Humwambia ahifadhi nakala ya toleo analolitumia pamoja na leseni iliyoambatana nalo siku alipolipakua.