Ala tupu si biti iliyokosa mwimbaji

"Ami, huyu ataanza kuimba saa ngapi?"

Kila nikiweka muziki usio na mwimbaji huulizwa swali hili. Nimeulizwa hapa Lamu na mtoto wa ndugu yangu, nikaulizwa na muuza kahawa, nikaulizwa na jirani aliyekuja kuazima ngazi. Nilikuwa nalivumilia. Lakini juzi nikamsikia mtangazaji wa redio akikata kipande kizuri cha gitaa katikati na kusema, "Hiyo ilikuwa biti tu, sasa tupate muziki." Biti, yaani mdundo wa studio unaotengenezwa ili mtu aimbe juu yake. Nimeona bora niandike.

Ala tupu ni muziki unaopigwa kwa ala peke yake, bila mtu kuimba, na uliotungwa uwe hivyo tangu mwanzo. Maana ni hiyo, haina mzunguko. Taabu iko kwenye hayo maneno mawili.

Kwanza, Kiswahili kina ala mbili zisizo na udugu. Iko ala ya kisu au jambia, ile ambayo wazee wakiitaja kwa wingi husema nyala. Na iko ala iliyotoka Kiarabu, yaani chombo cha kufanyia kazi, na kwetu zaidi chombo cha kupigia muziki: udi, fidla, gambusi, zumari. Fundi mmoja wa kuchonga milango, rafiki yangu, alisikia "ala tupu" akaniuliza, "Kwani kisu kimekwenda wapi?" Kwake yeye ilikuwa ala ya jambia, imebaki wazi, kilichokuwa na maana ndani yake kimechomolewa. Na hivyo ndivyo watu wengi wanavyousikia muziki huu hata kama hawajui habari ya nyala: wanaona kitu kimetolewa.

Pili ni hiyo tupu, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Tupu ya kwanza ni ya kukosa. Nyumba tupu haina mtu, mfuko mtupu hauna pesa, na debe tupu sote tunajua haliachi kuvuma. Nadhani debe hilo ndilo linalotuharibia, maana kila likitajwa neno tupu karibu na kitu chenye mlio, masikio yanalikumbuka. Lakini iko tupu nyingine, tunayoitumia kila siku bila kuifikiri. Mtu akisema "huo ni uongo mtupu" hasemi kwamba uongo umepungukiwa. Anasema ni uongo kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuna hata chembe ya kitu kingine. Mwenye kununua maziwa asubuhi akiambiwa "haya ni maziwa matupu" anafurahi, kwa sababu hayakutiwa maji. Tupu ya ala tupu ni hii ya maziwa. Ni ala, na ala, na ala tena.

Mtu anaweza kunijibu kwa wali mtupu, na jibu lake lina haki. Wali mtupu ni wali uliokosa kitoweo, na anayeletewa hafurahi. Nakubali. Lakini wali ule umepikwa ili uliwe na kitu, ndiyo maana ukija peke yake tunauona upungufu. Kinachoamua ni kama kitu kiliandaliwa kingoje mwenzake au hakikuandaliwa hivyo.

Hapo ndipo biti na ala tupu zinapoachana. Biti ni wali. Fundi wa studio anaitengeneza akiacha nafasi makusudi: hapa ataingia mwimbaji, hapa kiitikio, hapa atapumua. Ukiisikiliza biti peke yake unaisikia ile nafasi. Sidharau biti, vijana wetu wanatengeneza nzuri sana. Nasema tu kwamba ala tupu haimngoji mtu. Sauti ambayo ingekuwa ya mwimbaji imeshapewa gitaa, au besi, au marimba, na yeyote atakayeimba juu yake atakuwa anamkata mwenzake kauli.

Nililielewa hili vizuri kwa bendi moja ya Chicago iitwayo Tortoise, maana yake kobe. (Kobe wa nchi kavu, si kasa. Watoto wa huku lazima waambiwe.) Mgeni aliyepanga chumba kwetu alikuwa akiisikiliza barazani, nami nikamwomba anitumie. Bendi ilianza mwaka 1990, na ni roki, lakini roki ya watu wanaobadilishana ala kama wavuvi wanaopokezana kasia. Jukwaani wanaweka seti mbili za ngoma, na pembeni marimba na vibrafoni, ndugu yake wa vipande vya chuma. Marimba! Neno la Kibantu kabisa, limevuka bahari, nikalikuta tena kwenye roki ya Chicago.

Katika albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1994, besi ndiyo inayoshika usukani, na mahali pengine ni besi mbili zinazosemezana. Mwaka huohuo mwandishi Mwingereza Simon Reynolds alikuwa akieleza muziki wa namna hii, wa kutumia ala za roki kwa kazi isiyo ya roki, na jina la postiroki likashika. Albamu yao TNT ya 1998 ni tulivu, nyepesi, na gitaa la Jeff Parker limeleta jazi ndani. Standards ya 2001 inaanza kwa kishindo, ukiwa na mtoto amelala punguza kwanza.

Lakini albamu iliyonifungua masikio ni ya pili, ya 1996, Millions Now Living Will Never Die. Inaanza na kipande kiitwacho Djed, karibu dakika 21. Niliipiga usiku mmoja baada ya isha, tumekaa darini na mtoto wa ndugu yangu, spika ndogo ipo kati yetu. Besi ikatembea, kinanda kikaingia juu yake, mdundo ukajirudia mpaka kijana akaanza kuufuata kwa kidole kwenye kikombe. Ikishapita nusu, muziki unakatikakatika, unaruka na kukwaruza kama mkanda unaoliwa na mashine. Kijana akaidaka spika, akaigonga kwa kiganja, akaichomoa waya. Nikamwambia, "Iache, wameifanya wao." Akaniangalia. Tukarudisha nyuma, tukasikiliza tena jinsi muziki unavyovunjika na jinsi ulivyo mwingine kabisa unapotoka upande wa pili.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya kigeni, sisi muziki wetu ni mashairi. Mashairi tunayo, tena Lamu! Lakini taarabu ya Unguja ina bashraf, kipande kinachopigwa na ala peke yake kabla ya waimbaji. Jina lilipitia Kituruki likitokea Kiajemi, na asili yake ni kwenda mbele, kutangulia. Na hapa kwetu siwa, yaani baragumu kubwa, ile ya shaba, na ile ya pembe ya ndovu ya Pate, zilipulizwa kwenye shughuli kubwa za mji, na siwa haina neno hata moja.

Jingine dogo: "wimbo wa ala tupu" hausimami vizuri. Wimbo umetoka kwenye kuimba. Kama hapana anayeimba, sema muziki, au kipande. Tortoise wenyewe walipotaka nyimbo katika The Catastrophist ya 2016 waliwaita waimbaji, zikapatikana mbili, na hizo ni nyimbo kweli.

Jana kijana alipita tena jioni, akavua viatu, akakaa palepale pake. "Ami, irudishe ile biti ndefu."

"Ala tupu," nikamwambia.

"Haya, ala tupu. Lakini anzia kabla haijakatika."